UZI: Rubani anayevunja sheria kusudi, na mdhibiti anayemchekea

Fundi wa Changamwe (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Kuna klipu inayozunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mombasa, ile ya kijana wa Kimarekani anayeruka na parachuti na kuiacha ndege yake ikaanguke mlimani. Nimeona watu wazima, wenye watoto wao, wakiandika chini yake: "Ndege yake, roho yake, serikali yamtakia nini?" Mimi kazi yangu tangu ujana imekuwa kukagua na kutengeneza ndege pale Port Reitz, na maneno hayo yamenikera mpaka nimekaa chini kuandika. Nitaandika kwa kirefu, maana jambo lenyewe si la mistari miwili.

Kijana huyo ni Trevor Jacob, aliyepata kuiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 2014. Tarehe 24 Novemba 2021 alipaa peke yake kutoka uwanja mdogo wa Lompoc, California, kwa ndege kuukuu aina ya Taylorcraft. Alikuwa amefunga kamera sehemu kadhaa za ndege na kuvaa parachuti mgongoni. Alipofika juu ya msitu wa Los Padres akasema injini imezima, akaruka huku anajipiga picha. Mwezi uliofuata akaiweka video YouTube, na ndani yake mna tangazo la kampuni ya pochi.

Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliitazama video ile kwa jicho ambalo fundi yeyote angeitazama nalo. Mlango wa rubani ulikuwa umeshafunguliwa kabla hajadai injini imezima. Hakuwaita waongoza ndege kwenye redio. Hakujaribu kuiwasha injini upya. Hakutafuta pa kutua, na mahali pa kutua palikuwapo. Aprili 2022 wakamfutia leseni.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. FAA haikumfunga, kwa sababu haina jela. Mdhibiti wa usafiri wa anga silaha yake kubwa ni leseni: ataifuta, ataisimamisha, au atakutoza faini. Jela alikwenda kwa jambo jingine. Bodi ya uchunguzi wa ajali, NTSB, ilimwambia mabaki ya ndege ayahifadhi. Akawaambia hajui yaliko. Kumbe alikuwa ameshakodi helikopta, akayatoa msituni, kisha akayakatakata na kuyatupa kidogo kidogo kwenye mapipa ya taka. Mahakama ikampa miezi 6 Desemba 2023 kwa kuharibu ushahidi ili kuwazuia wachunguzi.

Kwa hiyo anayeuliza "kosa lake nini" ajue ni makosa mawili, na yote alitaka mwenyewe. Na msitu ule si pori tupu. Watu hutembea humo, na California mjuavyo moto wa nyika ukianza huteketeza miji. Yeye aliiachia humo ndege yenye mafuta, isiyo na mtu wa kuiongoza.

---

Mwana wa Kisauni

Fundi, shikamoo. Huyo alidanganya, sawa, sina neno naye. Lakini wale marubani wawili wa Red Bull, kampuni ya kinywaji, waliotaka kubadilishana ndege angani je? Wale hawakumficha mtu, dunia nzima ilikuwa inatazama moja kwa moja. Ni mabingwa wa kuruka, hakuna aliyekufa, na bado leseni zikafutwa. Hapo mimi naona wivu wa maofisa wa mezani.

---

Fundi wa Changamwe

Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri, na kisa hicho kwangu ni kizito kuliko cha kwanza.

Luke Aikins na Andy Farrington ni binamu, na kweli ni mabingwa. Tarehe 24 Aprili 2022, katika jangwa la Arizona, walipaa na ndege ndogo mbili aina ya Cessna 182, kila mmoja peke yake. Mpango ulikuwa wazielekeze pua chini, watoke wote wawili, kisha kila mmoja aingie ndege ya mwenzake. Aikins alifaulu. Ndege aliyokuwa aingie Farrington ikaanza kuzunguka ovyo, akashindwa kuishika, akatua kwa parachuti yake. Ndege ikaenda kugonga ardhi.

Sasa sikiliza jambo ambalo klipu haikuonyeshi. Sheria ya Marekani yataka rubani akae kitini pake wakati ndege iko angani. Aikins aliomba aondolewe sharti hilo. FAA ikamjibu siku 2 kabla: hapana. Baadaye yeye mwenyewe alikiri hadharani kwamba jibu aliliona, hakuwaambia wenzake, akaamua kuendelea. Mei wote wawili wakafutiwa leseni, ruhusa ya kuomba upya baada ya mwaka.

Unasema hawakumficha mtu. Farrington alifichwa. Aliingia kwenye ndege ile bila kujua mamlaka imeshakataa, na roho aliyokuwa anaihatarisha ni yake.

Na kuhusu wivu wa mezani. Mtu aliyeomba ruhusa ameshakubali kwamba ruhusa yahitajika. Akinyimwa akafanya, hakuna tena la kusema sikujua au nilielewa vibaya. Mdhibiti akilinyamazia hilo, kesho kila mwenye ndege atapeleka ombi kwa adabu tu, na jibu lolote likija ataruka. Wakati huo afadhali ofisi ifungwe.

Hoja ya "hakuna aliyekufa" naijibu chini, nipeni nafasi ya swala kwanza.

---

Fundi wa Changamwe

Nimerudi. Someni hiki mpaka mwisho, hata kama ni cha jeshi.

Kambi ya Fairchild, jimbo la Washington, Marekani. Kulikuwa na rubani wa ndege kubwa za mabomu aina ya B-52, Luteni Kanali Arthur Holland, mtu hodari sana wa usukani. Hodari kiasi kwamba ndiye aliyepewa kazi ya kusimamia viwango vya marubani wenzake kambini. Na tangu 1991 alikuwa akivunja sheria mbele ya umma, kwenye maonyesho ya ndege: akipita chini kuliko inavyoruhusiwa, akilaza ndege upande kuliko inavyoruhusiwa, akiinua pua kupita kiwango. Makamanda walikuwa jukwaani wakitazama. Wakapiga makofi. Wengine walimwonya kwa mdomo. Halafu makamanda wakahamishwa, wakaja wapya, na kwa kuwa hakuna kilichoandikwa, kila mpya alimpokea kama mtu safi.

Machi 1994, kwenye uwanja wa mazoezi wa Yakima, aliipitisha ndege ile juu ya ukingo wa kilima karibu sana hata baadhi ya wafanyakazi wake wakaapa hawatapanda naye tena. Luteni Kanali Mark McGeehan, mkuu wa kikosi, akaenda kwa bosi wao akaomba Holland aondolewe kwenye usukani. Bosi akamwita Holland, akamkanya kwa mdomo, akamwachia. McGeehan akaamua basi: kama vijana wake watalazimika kuruka na mtu huyu, atakuwa anakaa yeye kiti cha pili.

Tarehe 24 Juni 1994 walikuwa wakifanya mazoezi ya maonyesho. Holland akataka kuizungusha ndege nyuma ya mnara wa waongoza ndege, chini sana, imelala upande kupita digrii 60. Mbawa zikakosa nguvu ya kuibeba. Wakafa wote 4, McGeehan mmoja wao, na mkewe na wanawe wadogo walikuwa pale wakitazama.

Bosi aliyekataa kuchukua hatua alishtakiwa mahakama ya kijeshi akakiri uzembe. Adhabu ilikuwa kukatwa dola 1,500 kwa mwezi kwa miezi 5, na karipio la maandishi. Karipio la maandishi! Lile ambalo lingeandikwa kwa Holland miaka 3 nyuma, huenda watu 4 wangezeeka.

Mwanangu wa Kisauni, siku moja kabla ya 24 Juni 1994 ungesema pia "hakuna aliyekufa". Miaka mitatu yote hiyo ungekuwa unasema kweli. Ndiyo maana nasema mdhibiti hangoji maiti.

---

Mwana wa Kisauni

Wallahi hicho sikukijua. Lakini bado nauliza, mbona huku kwetu dereva wa matatu apanda juu ya kingo pale Kongowea, apita kinyume, askari yuko pale, na jioni apiga hesabu yake vizuri? Kila mtu avunja. Huko angani ni tofauti gani?

---

Fundi wa Changamwe

Tofauti yenyewe umeishaisema: kila mtu avunja. Kwenye barabara ya Kongowea sheria imeshakufa. Dereva anayefuata foleni ndiye anayeonekana mjinga, na askari hana wa kuanza naye. Usafiri wa anga umejengwa ili usifike hapo, kwa sababu ukifika hapo haurudi kirahisi. Watu hudhani ndege hazianguki sababu ya mitambo mizuri. Mitambo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba mimi fundi nikisaini nimekaza boliti, rubani hachungulii, aniamini. Rubani akisema yuko futi 9,000, mwongoza ndege humwamini na kumpitisha mwingine kwa 10,000. Anayevunja kusudi huvuruga hesabu ya watu asiowajua, ambao hawako mbele ya macho yake.

Mifano miwili ya haraka ya wale waliofanya mchezo.

Oktoba 20, 1986, mji wa Kuibyshev, Umoja wa Kisovyeti. Rubani wa ndege ya abiria aina ya Tu-134 aliweka dau na msaidizi wake kwamba atatua huku pazia za madirisha ya mbele zimefungwa, kwa kutazama vyombo tu. Kengele za hatari zililia, hakusikiliza. Watu 70 kati ya 94 wakafa. Yeye akapona, akahukumiwa miaka 15, akatumikia 6.

Oktoba 14, 2004, Marekani. Ndege ndogo ya abiria ya shirika la Pinnacle ilikuwa ikihamishwa usiku bila abiria, marubani wawili tu ndani. Wakaamua kuifikisha futi 41,000, kilele chake kabisa, ili nao wahesabiwe miongoni mwa waliofika huko. Walipanda vibaya, mwendo ukapungua, injini zote mbili zikazima. Na walipozungumza na waongoza ndege waliwaambia kwanza ni injini moja tu. Walifia Jefferson City, Missouri, nyuma ya nyumba za watu.

Hilo la pili huniuma zaidi. Walipata nafasi ya kuomba uwanja wa karibu mapema, lakini aibu ya walichokuwa wakifanya iliwafunga mdomo.

---

Mstaafu wa Mnarani

Fundi, nimekusoma. Mimi nilikuwa mwongoza ndege, nimestaafu, sasa nakaa Mikindani. Niongeze la kwetu.

Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways nambari 507, Boeing 737-800, ilipaa usiku kutoka Douala, Cameroon, kuja Nairobi, mvua na giza. Watu 114 wakafa. Ripoti ya Cameroon ilitoka 2010. Sababu kubwa iliyotajwa ni kwamba rubani alipoteza mwelekeo gizani, ndege ikaendelea kulala upande wa kulia bila vyombo kutazamwa ipasavyo, na ushirikiano kati ya marubani wawili ulikuwa dhaifu. Lakini ndani ya ripoti hiyo hiyo mna jambo ambalo mtu wa mnarani hawezi kuliruka: walipaa bila kibali cha waongoza ndege.

Ripoti haikusema hilo ndilo lililoiangusha, na mimi sisemi. Naliona kwa namna nyingine. Rubani mwenye uzoefu anayeanza safari bila kibali ameshamwonyesha msaidizi wake, mapema kabisa, jinsi usiku huo utakavyokwenda. Kijana yule wa kiti cha kulia atapata wapi ulimi dakika mbili baadaye?

La pili, Fundi umelisahau. Sisi Kenya anayetoa leseni na kuzifuta ni KCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, iliyoanza 2002. Na KCAA hiyo hiyo ndiyo iliyotuajiri sisi waongoza ndege. Uchunguzi wa ajali uko mbali, kwenye idara ya AAID chini ya wizara, na hilo ni sawa. Lakini anayesimamia usalama wa uongozaji ndege na anayetoa huduma hiyo wako ofisi moja. Nimekaa humo, nasema bila chuki: mwenye kujikagua mwenyewe huwa na huruma nyingi. Mazungumzo ya kuvitenganisha yamekuwapo muda mrefu. Yamalizwe.

---

Bi wa Tudor

Hamjambo wazee wangu. Mimi si mtu wa ndege, ni mzazi. Binti yangu anasomea urubani uwanja wa Wilson, Nairobi, na tangu Machi 2024 zilipogongana ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa inakuja Diani na ile Cessna ya mafunzo, wakafa wawili wa Cessna, silali vizuri akiwa zamu.

Swali langu. Mnasema mdhibiti awe mkali. Je, huyu mwanangu akikosea na akajua atafutiwa leseni niliyoilipia kwa kuuza shamba la Mtwapa, si ataficha? Ukali wenu hautawafundisha watoto kusema uongo?

---

Fundi wa Changamwe

Bi mkubwa, pole kwa wasiwasi. Swali lako ndilo hasa lililonifanya nianze uzi huu, nikawa nazunguka tu sijalifikia.

Jibu langu ni kwamba ukali na upole lazima vikae nyumba moja, na kila kimoja kiwe na mtu wake. Akikosea bila kukusudia akasema, asiguswe, asaidiwe. Aliyekusudia akijua, hana msamaha wa aina hiyo. Ukichanganya hawa wawili umewaharibu wote.

Desemba 1, 1974 ndege ya TWA nambari 514 iligonga mlima Virginia ikiwa inakaribia Washington, wakafa wote 92. Marubani walielewa vibaya maelekezo ya kushuka. Kilichouma ni kwamba wiki chache kabla, marubani wa shirika jingine walikuwa wamefanya kosa lile lile mahali pale pale, wakanusurika, wakaiambia kampuni yao. Kampuni ikawaonya marubani wake tu. Habari haikuwafikia TWA.

Kutokana na hapo, 1976, Marekani ikaanzisha mfumo wa rubani kuripoti kosa lake mwenyewe. Ripoti haziendi FAA, zinakwenda NASA, wale wa anga za juu, maana NASA haina leseni ya kumfutia mtu. Ukiripoti ndani ya siku 10, jina lako hufichwa, na FAA ikikukamata kwa njia nyingine haikupi adhabu. Ila kuna mpaka: ulichofanya kiwe si cha kukusudia. Ulikusudia? Ngao hiyo si yako. Mwaka 2015 FAA ikaandika sera yake yote kwa mtindo huo: anayekosea na yuko tayari kurekebishwa hufundishwa, mkaidi na mzembe wa wazi ndio wanaopelekwa kwenye adhabu.

Ndiyo maana namkasirikia yule wa parachuti na wale wa futi 41,000. Rubani mkaidi anapoachwa, wabunge na magazeti huja juu, sheria inakazwa kwa wote, na anayebanwa ni binti yako aliyesahau kuita mnara akaja kusema mwenyewe. Mkaidi hula akiba ya imani ya wenzake.

Mpaka huo hauko wazi siku zote, nakubali. Machi 24, 2015 rubani msaidizi wa Germanwings aliiangusha ndege milimani Ufaransa kusudi, watu 150. Alikuwa ameficha barua za daktari zilizosema hafai kuwa kazini. Hilo ni la peke yake, lakini kuficha ugonjwa si la peke yake. Mwaka 2023 ilijulikana FAA ilikuwa ikiwachunguza marubani karibu 4,800 waliowahi kuwa wanajeshi, kwa sababu walikuwa wakilipwa fidia ya ulemavu huku wakiwaambia madaktari wa anga kwamba hawana shida. Ni uongo wa kusudi, sheria imevunjwa. Lakini mtu anayeficha sonona kwa kuwa akiisema atapoteza kazi na karo ya watoto, simweki benchi moja na mwenye dau la mapazia. Hapo mdhibiti mwenyewe amechangia, kwa kufanya njia ya ukweli iwe ndefu na ya gharama. Afupishe njia hiyo kwanza. Atakayeendelea kuficha baada ya hapo, haya, leseni.

Kwa binti yako: mwambie siku ya kwanza atakayokosea, aseme siku hiyo hiyo. Na mwambie aangalie mwalimu wake anavyopokea. Chuo kinachomgombeza mwanafunzi kwa kusema ukweli, mhamishe, hata kama karo yake ni nafuu.

---

Kaka wa Diani

Mimi nabeba wageni Ukunda, nasema la upande wetu. Mnawapiga marubani peke yao. Mgeni amekawia kwenye bufee, jua linakwenda, kule mbugani uwanja hauna taa, na anamwambia rubani "nimelipa, twende". Wakala naye yuko kwenye simu anamwambia rubani hivyo hivyo. Mizigo imezidi, mtu anatoa noti ili begi lipite bila mizani. Nimeyaona. Rubani kijana, ana mkopo, ana mkataba wa miezi. Akikataa mara mbili, safari ya tatu apewa mwingine.

---

Fundi wa Changamwe

Kaka umesema kweli tupu, na ningekuwa na uwezo ningelipandisha andiko lako juu kabisa.

Nami nimeona. Kuna kampuni moja, siitaji, ambapo mwenye mali alikuwa akija hangani kuuliza kwa nini ndege haijatoka, mbele ya fundi aliyeikataa. Hakuwahi kusema "vunjeni sheria". Alisimama tu pale na saa yake. Karatasi zikija kukaguliwa utamwona rubani na fundi, jina la mwenye saa halimo popote. KCAA inampa kila kampuni cheti cha kuendesha biashara ya ndege, na cheti hicho nacho hufutwa. Ninalotaka ni kwamba kila rubani anapoonekana amevunja kusudi, swali la pili liwe: nani alifaidika? Kama ni yeye tu na kamera yake, mmalizeni yeye. Kama kuna mtu alipata pesa kwa begi lile kupita, begi hilo lifuatwe mpaka mezani kwake.

Hapo nitoe tahadhari. Oktoba 28, 2025 ndege ndogo iliyotoka Ukunda kwenda Mara ilianguka Tsimba Golini, Kwale, wakafa watu 11. Kabla ya jioni magrupu yetu yalishahukumu, mara rubani, mara fundi, mara mizigo. Tuache. Ajali haina maana mtu alivunja sheria, na marehemu hawezi kujibu. Kanuni za kimataifa zimeliweka wazi: uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia nyingine, si wa kugawa lawama. Ninayoyasema kwenye uzi huu ni kuhusu yule ambaye yuko hai, anajulikana, na anafanya mbele ya watu.

---

Mwana wa Kisauni

Na sisi wa droni? Maana nimeanza kuona jina langu linakuja.

---

Fundi wa Changamwe

Linakuja kweli. Kenya ina kanuni za droni tangu 2020. Isajiliwe, mwenyewe awe na kibali, isipite futi 400, na karibu na uwanja wa ndege usirushe bila ruhusa. Vijana wanaorusha juu ya harusi Chaani na Magongo, chini kabisa ya njia ya ndege zinazotua uwanja wa Moi, wengi wanajua, kwa sababu nimewauliza na wakaniambia "mzee, ni dakika tano tu". Hiyo tayari ni kusudi. Betri ya droni ni kipande kigumu, na injini ya ndege iliyo karibu kutua haina nafasi ya pili. Kama hujasajili, sajili. Kama umeshawahi kurusha huko, usirudie, na ukiona ndege imepita karibu na droni yako, ripoti.

---

Bi wa Tudor

Ahsante Fundi, umenituliza na umeniongezea kazi. La mwisho: mimi abiria wa kawaida, nikiona kitu ambacho si sawa, nimwambie nani? Maana askari wa barabarani nikimwambia ananicheka.

---

Fundi wa Changamwe

Kama ndege haijaondoka na jambo lenyewe ni la sasa hivi, mfano umeona mafuta yanavuja au mtu ananuka pombe anaingia chumba cha rubani, sema pale pale kwa mhudumu, na kama husikilizwi shuka. Kushuka ni haki yako hata kama tiketi itapotea.

Kama imeshapita, andika herufi za ubavuni. Ndege za Kenya huanza na 5Y, kisha kuna herufi tatu. Andika tarehe, saa, mahali, na ulichokiona kwa macho yako, bila kuongeza ulichoambiwa. Peleka KCAA kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye mhuri au barua pepe yenye tarehe. Usipige simu tu. Fairchild walionywa kwa mdomo miaka mitatu.

Na kama ulipiga video, usiikate, usiiwekee muziki, wala usianze kuirusha TikTok. Wapelekee nzima kama ilivyotoka kwenye simu. Yule wa California alikamatwa kwa sababu mlango ulionekana wazi sekunde chache kabla ya pale ambapo yeye alitaka mtazame.

Mstaafu wa Mnarani, kama una anwani ya sasa ya pale ofisi ya Mombasa iweke hapa chini, niliyo nayo mimi ni ya zamani.